Nani Aliwaambia Habari za Baba Yangu?

Rayners Lane, London
Jumanne

Kwa Bwana Meneja wa Ukumbi wa Tamthilia,

Natumai wewe na wasanii wako hamjambo. Mimi sijambo kwa mwili tu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu binti yangu Malak amekataa kunitafsiria, kajifungia chumbani. Tafuta mtu akusomee, ila asiwe Sudha wa duka la vitambaa karibu na stesheni. Sababu utaiona.

Jumamosi nilikuja kutazama ile komedi yenu ya zama za Malkia Victoria, ya mabwana na mabibi wenye glavu. Nilimleta Bi Ghalia, ambaye mwanawe Sufian anamposa Malak. Wenzangu huwakaribisha wakwe nyumbani kwa biriani. Mimi niliona heri ukumbini, maana nyumbani watu huulizana ukoo, na kwenu kuzungumza ni marufuku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhudumu wenu wa mlangoni alininyang'anya sambusa thelathini. Hili nimelisamehe, nalitaja tu lisisahaulike.

2. Yule bibi wa jukwaani, anayehubiri maadili tangu pazia linafunguka, anawaambia wakwe zake kuwa marehemu babake alikuwa askofu. Mimi nami nilikuwa nimemwambia Bi Ghalia kuwa marehemu baba yangu alikuwa kadhi, Unguja. Mpaka hapo nilifurahi sana, kuona mabibi wakubwa wa London ni watu wa aina yangu.

3. Baada ya mapumziko ikafichuka kuwa babake alikuwa dobi wa askofu. Bwana Meneja, baba yangu alikuwa dobi wa kadhi! London nzima, aliyeyajua hayo ni Sudha peke yake. Naambiwa tamthilia hii iliandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Basi Sudha aliwaambia lini?

4. Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote, ili nisijulikane.

5. Bi Ghalia hakucheka. Aliinamia mkoba wake, na taa zilipowashwa akaondoka bila kuniaga. Leo siku ya tatu hapokei simu. Malak wangu hali, halali. Posa hii ikivunjika, imevunjwa na jukwaa lenu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, yule dobi apandishwe cheo awe askofu kweli, kuanzia onyesho la kesho. Ikishindikana, mwandishi aje mwenyewe kumwomba radhi Bi Ghalia. Nasikia amekwisha kufa. Hilo si udhuru.

Nisalimie wasanii wote, washona mapazia, na hata yule mhudumu, ikiwa sambusa zilimshuka salama.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu zangu,
Kijakazi binti Matar

N.B. Nilikwisha kufunga bahasha, Bi Ghalia akabisha hodi, macho mekundu. Kumbe babake, ambaye yeye aliniambia alikuwa mkuu wa forodha, alikuwa mchukuzi wa mizigo hapo hapo forodhani! Siku tatu alidhani nilimleta kwenu makusudi nimuumbue. Nikamweleza habari za baba yangu, na kanzu za kadhi alizozipiga pasi hadi zikasimama zenyewe. Tumelia, tumecheka, mpaka Malak akatoka chumbani. Harusi mwezi ujao. Sudha nimemwomba radhi kwa kumshuku.

Basi msiguse hata neno moja. Jumamosi tunataka viti kumi na viwili, na bibi yule akianza tena habari za askofu, mtasikia wanawake wawili kutoka nyuma wakimwambia aseme kweli mapema, ajipunguzie siku tatu za kulia.