Mteja wa Saa ya Magharibi

Jumatano, 2 Novemba 1966

Nimepata njia ya kumfikia mke wangu. Kahawa!

Rahmo yuko Takaba, kaskazini, kwa kaka zake, huu mwaka wa pili. Alikwenda kumzika mama yake, vita vya waasi wa shifta vikafunga barabara nyuma yake. Mimi nimebaki hapa Galbet, Garissa, na mto wa kulalia wenye harufu ya mafuta ya nywele zake. Namtaka mke wangu. Nimeshaandika, basi. Na jana Diriye dereva aliniletea ujumbe wa shemeji zangu: mume asiyeonekana wala kutuma matumizi ni mume gani? Rajabu ikiisha sijatokea, wataomba ndoa ivunjwe.

Rajabu haijabaki hata nusu. Hakuna apandaye lori bila kibali, wala apewaye kibali bila kazi. Lakini Haji Issack, mwenye malori, anatafuta mtu wa kuwapikia watu wake kahawa katika msafara wa Takaba. Jumanne atawajaribu wanaotaka kazi hiyo. Tunaotaka ni wawili: mimi, na Abdille muuza chai, ambaye hucheka kabla hujamaliza kuzungumza.

Jioni nikaanza mazoezi. Nikakaanga buni kwa samli, kama afanyavyo Rahmo. Yeye huanza kwa dua, buni zikipasuka watu huitikia amina, kisha mafuta hupakwa kichwani. Mimi dua niliiruka, kafyu ilikuwa inakaribia. Buni zikaungua. Nikazimwagia maji, nikachemsha yale yale, yakawa lami. Adhana ya magharibi inalia, nami nikafungua mlango wa nyuma nikayatupa nje, yanatokota. Bismillah sikusema. Nani ana nafasi?

Kitu kikalia huko nje. Sauti nyembamba, kama ya mwanambuzi. Nikachungulia. Hapakuwa na mbuzi. Mchanga tu, unafuka moshi.

Nikafunga mlango. Kafyu ni kafyu.

Alhamisi, 3 Novemba

Leo nimefanya mambo kitaalamu. Njia tatu, finjani tatu.

Ya kwanza, birika: buni iliyotwangwa, tangawizi, ichemke, itulie, kisha tone la maji baridi lishushe mashapo. Ya pili, kitambaa: unamwaga maji ya moto juu ya buni, kahawa inachuruzika safi. Kitambaa sikuwa nacho, nikatumia soksi. Ilikuwa karibu mpya. Ya tatu, kopo tupu la maziwa: buni, maji, moto, basi. Mashapo mnywaji atayamaliza mwenyewe kwa meno.

Nikaonja. Zote sawa! Ulimi wangu uliungua jana. Nikaziacha sakafuni, nikaenda kutia komeo mlangoni kabla ya giza. Hatua chache tu. Kurudi, finjani ya kopo haina kitu. Sisemi imenywewa. Ilikuwa kavu, kama imeoshwa ikaanikwa juani. Na ukutani, usawa wa kifundo cha mguu wangu, alama ya kiganja. Ya jivu. Ndogo mno.

Nilidhani ni jasusi wa Abdille. Nikatazama chini ya kitanda. Kisha nikakumbuka komeo lilikuwa ndani, na nikalala na taa.

Ijumaa, 4 Novemba

Baada ya swala nikamweleza jirani yangu, Ayeyo Sahara, bibi wa mtaa mzima. Mwanamke huyu amezika waume watatu na haogopi kitu. Leo aliogopa. Aliuliza nilimwaga nini, wapi, saa ngapi, na nilisema nini kabla ya kumwaga. Nikamjibu sikusema kitu. Akaweka tasbihi chini.

"Mahat, umechoma mtoto ya watu," akaniambia. "Wale wasioonekana hupita saa hiyo. Ungesema bismillah wangetoka njiani. Sasa tengeneza kahawa na dua, omba msamaha, maneno tatu tu, imekwisha. Na usikunywe kitu yoyote ambayo haukumimina mwenyewe."

Nilimshukuru sana. Nikarudi nyumbani nimenuia kabisa kuomba msamaha.

Lakini njiani nikafikiri. Ulimi wangu haufai. Nani ataniambia kahawa ipi ni bora? Majirani watanisifu nyuso zao zikiwa upande. Huyu wangu hasifu wala halipwi. Anachagua tu! Nikimwomba radhi leo, ataondoka leo. Basi ataombwa Jumanne, baada ya mashindano. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumapili, 6 Novemba

Nimeazima dele la shaba la kupikia kahawa. Nimenunua maganda ya buni, yale ambayo wazee huyachemsha na iliki. Jana finjani nne, leo tano. Kila magharibi nageuka ukutani kwa adabu, nahesabu hadi kumi, nageuka tena. Birika: halijaguswa. Soksi: haijaguswa, na sishangai. Dele: halijaguswa. Maganda: hayajaguswa. Kopo: kavu!

Daima kopo, na jinsi ninavyoiunguza ndivyo inavyomalizwa upesi. Jana nilisikia mguno mdogo wa kuridhika, karibu sana na goti langu. Nywele zilisimama. Lakini mfanyabiashara hamkimbii mteja.

Alama ya kiganja leo iko usawa wa goti. Pia ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Anakua! Kahawa yangu inakuza watoto! Nimeanza kufikiria maneno ya kibao cha duka.

Mambo madogo ya kuudhi: vidole vyangu vina malengelenge, ingawa kopo nalishika kwa tambara. Mbuzi wa Ayeyo Sahara hawapiti tena mbele ya mlango wangu. Wanavuka njia, wanapita upande wa pili kwenye miiba.

Jumanne, 8 Novemba

Nimeshinda!

Abdille alikuja uani kwa Haji Issack na dele linalong'aa, karafuu, iliki na kitambaa cheupe kama sanda. Harufu ilikuwa tamu, sikatai. Haji akanywa, akaisifu. Kisha akamuuliza dele hilo litafika wapi kwenye mashimo ya barabara ile kabla ya kupasuka mdomo, na kitambaa atakifua kwa maji gani, kule ambako maji hupimwa kwa kikombe. Abdille akacheka. Haji hakucheka.

Zamu yangu. Mawe matatu, kopo moja. Nikaiacha kahawa ipande, nikaiepua, nikairudisha, mara tatu, hadi ikanuka moshi. Haji akanywa hadi mashapo. Macho yakamlowa. Alisema hivi ndivyo baba yake alivyokuwa akiinywa nyuma ya ngamia. Kazi ni yangu, safari ni Alhamisi.

Abdille alinipa mkono. Alikuwa akitazama nyuma yangu. Akaniuliza yule mtoto niliyekuja naye ni wa nani, na mbona amefungwa nguo usoni.

Wivu! Sikugeuka.

Ayeyo Sahara aliningoja mlangoni kwake kuuliza kama nimeomba msamaha. Nilimwambia nina mizigo ya kufunga, nitaomba nikirudi na Rahmo, tutaomba wawili, itapendeza zaidi. Aliingia ndani akafunga mlango. Alama ya ukutani iko usawa wa kifua changu. Rahmo, nakuja.

Alhamisi, 10 Novemba. Njiani, kaskazini

Niko chini ya mgunga, na lori langu limekwenda.

Tuliondoka alfajiri, malori sita, askari mbele na nyuma. Diriye aliendesha polepole kwa hofu ya mabomu ya ardhini. Saa nne msafara ukasimama. Nikawasha moto, mawe matatu, kila kitu sawasawa. Watu watano wa kwanza, finjani tano. Nikamimina, nikasema karibuni.

Wakazishika. Zote zilikuwa kavu.

Askari mmoja aliipindua yake akaitazama chini. Kisha Diriye akanyoosha kidole kwenye kioo cha lori lake. Kilikuwa na vumbi, na katika vumbi pana kiganja. Kwa ndani. Milango ilikuwa imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake.

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini niliwaona wanarudi nyuma, nikataka kuwatuliza. Nikawaambia wasijali, ni mteja wangu, tunafahamiana, tangu nimchome kwa maji ya moto hajakosa hata siku moja.

Diriye alisoma aya zote anazozijua. Kisha akasema, bila hasira, kwamba barabara hii ina shifta, ina mabomu, ina askari wenye woga, na yeye hawezi kuongeza jambo la nne. Msafara wa kutoka kaskazini ulipokuja wakanikabidhi huko kama gunia, nao umepiga kambi hapa hadi kesho. Nililia. Nilimwomba anifunge juu ya mizigo hata kwa kamba. Takaba ilikuwa mbele yangu, nami nikageuzwa uso.

Jumamosi, 12 Novemba

Mwenyezi Mungu hamtupi mja wake! Kwenye lori la kurudi nilimkuta nani? Kerrow, kaka mkubwa wa Rahmo! Alikuwa anakuja Garissa kwa ajili yangu.

Nilitegemea matusi. Hakutukana. Alisema ndugu zake wameshachoka, lakini Rahmo amekataa kusikia habari za mume mwingine. Amemtuma yeye asikie kwa masikio yake.

"Jumatatu twende kwa kadhi," aliniambia. "Useme kwa mdomo wako, mbele ya mashahidi wawili, kwamba unamtaka na utamtunza. Basi, shemeji. Dada yangu atangoja hata vita iishe."

Kusema tu! Mimi! Mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema!

Kerrow amefikia kwa jamaa zake mjini; mimi nimefika nyumbani magharibi. Mlango ulikuwa umefungwa nilivyouacha. Ndani mna joto, harufu ya moshi, na sakafuni finjani mbili zimejazwa. Kahawa ya moto. Kopo liko juu ya mawe, makaa yanawaka. Alama ya kiganja iko ukutani usawa wa koo langu, na sasa ni kubwa kama changu.

Niliyakumbuka maneno ya Ayeyo Sahara. Niliyakumbuka vizuri. Lakini nimetoka safari, koo limekauka kwa vumbi, na siku zote mimi ndiye ninayemimina. Mtu akikukirimu unamkatalia? Hata si adabu. Nikaketi. Kahawa ya finjani ya pili ikashuka taratibu mbele yangu, kama kisima wakati wa kiangazi, bila mkono. Nikanywa yangu yote.

Ilikuwa kahawa bora kuliko zote nilizowahi kupika.

Jumatatu, 14 Novemba

Sauti imetoweka.

Jana nilidhani ni mafua. Nilisukutua maji ya chumvi, nikalamba asali. Leo asubuhi nilifungua mdomo nimwamkie Kerrow, ukatoka moshi kidogo. Hakuuona, alikuwa anafunga kilemba. Nikaitikia kwa kichwa kwa uchangamfu, tukaenda.

Kadhi ni mtu mpole. Mashahidi wawili wakaketi. Akaniuliza: Mahat, unamtaka mkeo Rahmo? Nikafungua mdomo. Koo likawaka kama nimemeza kaa. Hakuna kitu. Akaniuliza mara ya pili. Nikaitikia kwa kichwa, nikapiga kifua, nikaonyesha kaskazini, nikaonyesha moyo, nikachora kopo hewani kwa kidole. Shahidi mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mirungi imemharibu. Kadhi akaniambia hapa hakuchezwi ngoma, ni ndoa ya mtu, sema neno moja tu. Akauliza mara ya tatu. Nilikuwa natokwa na machozi, na mdomo wangu uko wazi.

Kerrow alinitazama. Uso wake haukuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Dada yangu alisema hutangoja kuulizwa," alisema. "Alisema utalisema mlangoni, kabla hujaketi."

Kadhi akasema wamesikia kimya changu. Ndoa imevunjwa. Kerrow akanishika bega, akaenda kutafuta lori, maana msafara wa mchana ulikuwa unaondoka. Niliukimbilia hadi kizuizini. Vumbi tu.

Nimerudi, nimekaa, nimelia bila sauti. Kisha nimechukua kalamu niandike haya. Na hapa, nikiwa katikati ya mstari, nimekumbuka kwamba najua kuandika. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu! Mbele ya kadhi! Karatasi zilikuwa mezani kwake, tele! Ee Rahmo.

Ayeyo Sahara amepita. Amenitazama koo, ametazama ukuta, akaondoka haraka kidogo kuliko umri wake. Akiwa mlangoni alisema bado hujachelewa, omba msamaha hata kwa moyo, kwao moyo unasikika. Nitalifikiria. Ni shauri zuri.

Lakini tuseme ukweli. Nimepoteza mke, nimepoteza safari, nimepoteza sauti. Nimebakiwa na nini? Mpishi! Anawasha moto mwenyewe, hatumii kuni zangu, halali, hadai mshahara. Nikimwomba radhi akaenda zake, si nitakuwa nimepoteza na huyo? Hapana. Nitafungua mkahawa. Njia ya kopo, moja tu, hakuna soksi. Mwenye mkahawa hahitaji sauti, wateja ndio huzungumza. Faida ikija nitanunua lori langu mwenyewe, niende Takaba nikampose Rahmo upya kwa heshima.

Magharibi inaadhiniwa. Mlango nimeutia komeo. Nyuma yangu naisikia kahawa inamiminwa, finjani ya kwanza, finjani ya pili. Leo ni nyeusi zaidi, na inanukia kweli.

Mipango nitaimalizia kesho. Kwanza ninywe hii ikiwa bado ya moto.