Mnipunguzie Mwendo, Faini Iacheni

Mabatini, Mwanza
22 Agosti 1994

Mkuu wa Askari wa Usalama Barabarani,
Barabara ya Musoma.

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA MWENDO ULIOANDIKWA KISESA

Nilianza kuandika "Ndugu Mkuu", nikafuta, kwa sababu naambiwa tangu biashara ziwe huria undugu nao umepungua, siku hizi ni waheshimiwa tu. Natumaini hujambo wewe na familia yako, wakwe wakiwemo. Mimi naitwa Paulo Nkwabi, seremala wa hapa Mabatini. Zamani nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha kuchambulia pamba, mpaka tulipopunguzwa. Wakati wa kuagana nilipewa shukrani nyingi na nafasi ya kununua pikapu ya kiwanda kwenye mnada. Pikapu hiyo ndiyo mshtakiwa mwenzangu.

Jumanne ya tarehe 2 mwezi huu, saa nne asubuhi, pale Kisesa, askari wako Koplo Faisal alinisimamisha akaniandikia kwamba nilikuwa naendesha kilometa themanini na nne kwa saa, mahali panaporuhusiwa hamsini. Ninapinga. Lakini unielewe vizuri, Mheshimiwa: siipingi faini. Faini nililipa siku ileile na risiti ninayo. Mkitaka kuiongeza, iongezeni, nitauza kabati. Ninachopinga ni hizo themanini na nne. Naomba zishushwe ziwe arobaini, au kama ofisi yako itaona arobaini ni nyingi, thelathini na tano, kisha niandikiwe karatasi mpya iliyogongwa muhuri.

Utajiuliza ni mtu gani huyu anayekubali faini na kukataa mwendo. Ni mtu ambaye nyuma ya pikapu yake alikuwa amempakia mama mkwe wake, Mama Bernadeta, akimrudisha kwao Nyanguge.

Kama wewe si mwenyeji wa huku, nikueleze. Sisi Wasukuma mama mkwe hatukai naye mahali pamoja, hatuli naye, hatumtazami usoni, na tukisikia anakuja kwa njia hii sisi tunashika ile. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mke wako anatulia nyumbani kulingana na unavyoishika. Mama alikuja mwezi wa nne, mke wangu Selina alipojifungua mtoto wetu Malimi. Alikuja kwa mwezi mmoja. Akakaa miezi mitatu na siku kumi na moja, ambazo mimi sikuzihesabu. Nyumba yangu ina vyumba viwili na mlango mmoja. Kwa hiyo kila nilipotaka kuingia nilikohoa kwanza nikiwa uani, naye akakimbilia jikoni nipate kupita. Na alipokuwa sebuleni na wageni wake, na hakuweza kuwakimbia, mimi niliingia chumbani kwangu kwa dirisha. Majirani wakaanza kuniita mwizi wa mali yake mwenyewe. Siku zote hizo nilikuwa na furaha, na dirisha nitalitengeneza, mimi ni fundi.

Sasa ile karatasi ya Koplo ilifika Nyanguge, na jinsi ilivyofika nitaeleza mbele. Wazee wakaitisha kikao. Mjomba wa Selina, Mzee Ngosha, aliwahi kuwa karani wa mahakama, na hadi leo hawezi kuona karatasi bila kuisoma kwa sauti. Akaisoma. Wazee wakauliza, mtu anayemrudisha mkwe wake kwao kwa mwendo wa themanini na nne, je, anamrudisha au anamtupa? Wakamwita Selina aende kwa siku moja na mtoto. Leo ni siku ya kumi. Wamesema atarudi kwangu nitakapopeleka karatasi ya serikali inayothibitisha kwamba sikuwa na haraka. Ndiyo sababu ya barua hii, na malalamiko yangu ni haya:

1. Saa ya Koplo. Koplo Faisal alinipima kwa kuangalia saa yake ya mkononi tangu nilipopita nguzo fulani ya simu hadi nilipofika nguzo nyingine. Nguzo sina ugomvi nazo, zilikuwepo kabla yetu. Lakini saa ile ni ya plastiki, yenye vidude vingi pembeni, zile zilizojaa sokoni tangu mipaka ifunguliwe. Mimi ninayo kama ile. Inafika saa sita kabla ya kengele ya parokia, na siku ya Pasaka ilianza kuimba yenyewe katikati ya mahubiri, padri akanyamaza kuisubiri. Je, saa ya namna hiyo inaweza kuvunja ndoa ya Mkristo?

2. Gari lenyewe. Gia ya nne ya pikapu hii ilibaki kiwandani. Mshale wa spidomita umelala kwenye ishirini tangu siku ya mnada, gari likiwa linatembea au limezimwa. Maana yake, kwa kumbukumbu za gari lenyewe, siku ile pale Kisesa nilikuwa ishirini. Mkiniandikia arobaini mtakuwa mmenizidishia mara mbili, na mimi nimeshakubali. Tena tulipotoka Igoma tulipitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa. Alimwamkia mama, akaulizia habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, akajibiwa zote, ndipo akatuacha.

3. Namna nilivyompakia. Kwa kuwa mama hawezi kukaa nami mbele, nilikipandisha nyuma kiti changu kizuri cha sebuleni, cha mninga, nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Nikakifunga kwa kamba za katani, nikaweka mto, blanketi, na kuku wawili wa kumuaga. Kioo cha kutazamia nyuma nikakigeuza kitazame paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya. Mtu mwenye haraka anahangaika na mto? Zaidi ya hapo, kwa sababu hatuongei, tulikubaliana kupitia Selina kwamba mama akihitaji jambo agonge paa la gari. Alianza kugonga tulipofika Igoma na hakuacha. Kila aliyewahi kupanda nyuma ya gari anajua kwamba kugonga ni kumwambia dereva apunguze au asimame. Kumuuliza sikuweza, nani atoe kichwa dirishani ampigie kelele mkwe wake? Nikapunguza. Akagonga tena, nikapunguza tena. Kwa jinsi alivyogonga, tulipofika Kisesa ilibaki kidogo tuanze kurudi nyuma.

4. Kosa la pili nililoandikiwa, la "kujaribu kumkwepa askari". Hili, Mheshimiwa, limeniudhi sana. Koplo alipotusimamisha, mama aliteremka upande wa kushoto anyooshe miguu. Mimi nikateremka kulia. Kuku mmoja akaruka, mama akamfuata kuja kulia. Mimi ikabidi niende kushoto. Koplo akaona dereva anaondoka, akanifuata. Basi tuliizunguka ile pikapu mara nne, kuku mbele, mama nyuma ya kuku, mimi nikimkimbia mama, Koplo na kitabu chake akinifuata mimi, na mara nyingine mama akiibuka mbele yangu nikageuza tukaanza upya. Soko zima la Kisesa liliacha kuuza. Sikumkwepa askari hata nukta moja. Muulizeni mwenyewe, kila nilipojikuta karibu na yeye nilishukuru Mungu. Nasikia Koplo kwao ni pwani ya mbali, na pengine huko mtu na mkwe wake wanakula sinia moja, kwa hiyo simlaumu. Ila kosa hilo lifutwe, au liandikwe kama lilivyokuwa, yaani "kumkwepa mkwe", nami nitalitundika ukutani.

5. Adabu ya Koplo. Ndiyo iliyoniponza kuliko yote. Alimwamkia mama shikamoo, akamwomba radhi kwa usumbufu, akamshikia na blanketi. Kisha, kwa kuwa mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya gurudumu, akamkabidhi mama ile karatasi kama mkubwa wa safari. Mama hasomi. Akamuuliza muuza nyanya mmoja, Evelina, na Evelina akamtafsiria kwa Kisukuma kwa sauti ileile ya kuitia wateja, kwamba serikali inasema mkwe wako anakukimbiza kama unanuka. Habari ya kunuka haimo kwenye karatasi, niliitafuta kwenye nakala ya Koplo nilipokuwa nalipa faini. Mama akaifunga karatasi kwenye pindo la khanga yake, akapanda kwenye kiti chake, na kutoka hapo hadi Nyanguge hakugonga paa hata mara moja. Ule ukimya ulinitoa jasho mpaka usukani ukateleza.

Kwa hayo narudia ombi langu: mwendo ushuke.

Kama kuna sheria inayozuia mwendo kushuka ukishaandikwa, basi geuzeni upande. Andikeni kwamba nilikuwa natoka Nyanguge kwenda Mwanza. Kumrudisha mkwe kwao kwa themanini na nne ni matusi, lakini kumleta kwako kwa themanini na nne ni mapenzi makubwa, wazee watanichinjia mbuzi. Barabara ni ileile, nguzo zilezile, Koplo yuleyule. Ofisi haitapoteza chochote.

Kama upande nao haugeuziki, basi andikeni kwamba mama aliyekuwa kwenye kiti hakuwa mkwe wangu bali mkwe wa mtu mwingine, niliyemsaidia tu njiani.

Na kama yote hayo yatashindikana, naomba Koplo Faisal aje Nyanguge siku ya kikao akiwa na sare, kitabu na ile saa yake. Nitafunga kiti kilekile, nitapita mbele ya wazee mara tatu kwa mwendo wangu wa kawaida, yeye apime na kutangaza. Chakula cha mchana ni juu yangu.

Mheshimiwa, nyumba yangu imenyamaza. Sasa napita mlangoni kama watu wengine, na juzi nimejikuta nimesimama uani nakohoa, nikasubiri, nikakumbuka hakuna mtu ndani wa kunipisha. Malimi alikuwa ameanza kucheka akiniona naingia kwa dirisha, sijui sasa anachekea nini huko. Nasema wazi bila aibu kwamba nimewakumbuka, yeye na mama yake, na karatasi yoyote mtakayoniletea nitaitia sahihi bila kuisoma.

Nisalimie Koplo Faisal, askari wote wa zamu, na Evelina wa nyanya, mwambie asinitafsirie tena. Yule kuku mmoja alibaki hapo Kisesa. Akionekana, naye nisalimie.

Wako katika mwendo wa pole,

Paulo Nkwabi, seremala.

Nakala: Kikao cha Wazee, Nyanguge.

Baada ya kutia sahihi:

Kabla sijafunga bahasha amefika shemeji yangu Nestory kwa baiskeli akitoka Nyanguge. Kikao kilikaa tena jana, na safari hii mama mwenyewe aliomba kusema. Amesema zile themanini na nne hana kinyongo nazo. Ni yeye aliyekuwa anagonga, na alikuwa anagonga niongeze mwendo! Amesema miezi mitatu na siku kumi na moja, maana kumbe naye alikuwa anazihesabu, za kukimbilia kwenye moshi kila mtu akikohoa uani zilimtosha, na alichokuwa anataka ni kufika kwake haraka iwezekanavyo. Baada ya Kisesa aliacha kugonga kwa kuogopa serikali isije ikamwandikia na yeye.

Wazee walicheka sana, kisha wakageuka. Sasa wanauliza ni mkwe gani huyu aliyeamriwa mara zote hizo na mama mkwe wake aongeze mwendo, naye akakaidi akapunguza. Habari ya kwamba nilipunguza nilikuwa nimewapelekea mimi mwenyewe, kwa mdomo, wiki iliyopita, nikijitetea. Mzee Ngosha anasema haraka ingesameheka lakini ukaidi hausameheki.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote ya hapo juu uyasome kama yameandikwa na mtu mwingine. Nakala ya Nyanguge nimeizuia. Saa ya Koplo ni nzuri, na yangu ndiyo mbovu. Gia ya nne ipo, ila naitumia kwa heshima. Yule wa mkaa tulimpita sisi, mama akamwamkia kwa kupungia. Nilimwelewa mama tangu alipogonga mara ya kwanza, nikatii palepale, na kutoka Igoma hadi kwenye kofia ya Koplo sikugusa breki. Themanini na nne ndizo shahidi wangu wa pekee duniani kwamba mimi ni mkwe msikivu. Naomba ziandikwe upya kwa herufi kubwa, zigongwe muhuri, isipungue hata moja. Na kama Koplo alipima tisini akanishushia kwa huruma, mwambieni azirudishe.

Selina amemtuma Nestory aniambie karatasi nipeleke mwenyewe Jumamosi, nije nao nyumbani, yeye na Malimi. Kiti nimeshakiteremsha kutoka kwenye gari, watakaa mbele na mimi. Koplo Faisal ajue nitapita Kisesa saa tatu asubuhi kuelekea Nyanguge, na awe na kalamu tayari. Siku hiyo hakutakuwa na mtu nyuma wa kunigongea paa. Haraka itakuwa ya kwangu mwenyewe.