Kuku Wangu Waliohamia Kituo cha Data

Jairus Makhanu,
Shirere, Kakamega.
3 Desemba.

Kwa Meneja,
Kituo cha Data kilicho nyuma ya choo changu,
Shirere.

Ndugu Meneja,

KUH: OMBI LA KUZIMWA KWA AKILI MNEMBA KABLA YA IJUMAA

Pokea salamu za jirani ambaye bado ana heshima zake. Mimi ni karani mstaafu wa mizani ya miwa. Kwa miaka thelathini na moja nilipima matrekta bila kumwandikia mtu barua ya hasira. Hii ndiyo ya kwanza, kwa hiyo nakuomba uisome ukiwa umeketi.

Ulipofika hapa tulikupokea. Mke wangu Mildred alichinja kuku, na firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu ovyo, ikawekwa kwenye sahani yako. Ukaitafuna mbele ya mashahidi. Siku hizo kituo chenu kilikuwa chumba kimoja cha kompyuta, kikikoroma polepole kama mtu aliyeshiba obusuma, ugali wetu. Mwaka jana mkaleta mashine za akili mnemba. Mkabomoa ukuta, mkajenga mwingine, mkaweka transfoma mpya, mabomba mapya, na feni kubwa zinazopuliza hewa moto kuelekea kwangu. Tangu hapo mambo ni haya:

1. Kuku wangu wote kumi na saba wamehama. Hupenya kwenye tundu la ua, hujilaza chini ya feni zenu kuota joto, na hutaga huko huko. Nimesimama na mahindi mkononi nikiwaita, nao wakanitazama kama mgombea kiti aliyeshindwa. Niliumia, sitaficha.

2. Nilipokuja kuwachukua, askari wenu Wanjala aliniandikisha kitabuni, akachukua kitambulisho changu, kisha akanizuia lango la pili. Akasema, "Mzee, hawa kuku hatuwaitanga. Wanakujanga tu wenyewe." Nauliza kwa unyenyekevu: wao waliacha kitambulisho gani?

3. Maji ya chemichemi yamepungua tangu mlipoyavuta kwa bomba. Mnasema mashine zinafikiri sana, lazima zipozwe. Ndugu Meneja, hapa Shirere watu wengi hufikiri. Mwalimu Philip, jirani yangu, alifikiria hesabu miaka arobaini na hatukummwagia maji hata siku moja.

4. Mpwa wangu Natasha, ambaye yuko chuo, amenieleza kazi ya hizo mashine. Anasema kuna watu wa mbali wanaoziuliza yai lichemshwe dakika ngapi. Yaani chemichemi yetu inakauka ili mtu asiyejua kuchemsha yai asaidiwe, na mayai yenyewe ni yangu, na yako kwenu!

5. Hamjafika kwenye mazishi hata mara moja. Tumezika watu watatu mwaka huu. Aliyekula firigisi ya nyumbani kwangu si mgeni tena, na mtu wa nyumbani huonekana msibani, hata kama ni kubeba viti tu. Kama mashine ina akili kweli, ingejua.

6. Hili ndilo linaloninyima raha. Jumamosi tarehe 20 wakwe wanakuja kutoka Nandi. Binti yetu Maurine anaolewa, na mama wa kijana, Mama Jepkorir, atakanyaga kwangu kwa mara ya kwanza. Kuna jogoo mwekundu niliyemlisha tangu Pasaka kwa ajili ya siku hiyo. Sasa anaishi kwenu. Taa zenu hazizimwi, kwa hiyo amepoteza saa na huwika saa nane mchana. Nitamwekea mkwe nini mezani? Kabeji? Maurine ataitwa binti wa boma lisilo na kuku hadi uzeeni, na mimi nitakufa na aibu hiyo.

Kwa hayo, naomba muizime akili mnemba kabla ya Ijumaa ili feni zipoe na kuku warudi. Ikiwa ni lazima ifikiri, ipelekeni msituni Buyangu ikafikirie pamoja na nyani. Huko kivuli ni cha bure.

Msalimie Wanjala, ingawa bado nimemkasirikia. Msalimie fundi wa mabomba, binti Wendy, ambaye hunisalimu vizuri. Zisalimie na mashine, kama zinasalimika.

Ni mimi jirani yako, mwenye firigisi uliyokula,
Jairus Makhanu.

Baada ya sahihi: Mildred ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka hadi akaketi chini. Kumbe tundu la ua alilitoboa yeye. Kikundi chao cha akina mama kina mayai mia moja na kumi na mawili nyuma ya feni yenu ya tatu, na Wendy ndiye anayeyageuza. Yataanguliwa Jumapili tarehe 14, na vifaranga ishirini ni zawadi ya Mama Jepkorir. Jogoo naye huja jikoni kwa Mildred kila adhuhuri kula, wakati mimi niko langoni nagombana na Wanjala. Kwa hiyo tafadhali msizime chochote. Tena Mildred anasema feni ya nne haina joto la kutosha. Kama mna mpango wa kuongeza mashine, anzeni upande huo.