Gauni Moja, Kahindo Sitini

Jumatatu, 8 Septemba

Siku kubwa! Papa Adalbert, mwenye depo ambapo watu huja kuchukua vifurushi vinavyofika kwa boti kutoka Bukavu, ameniita mbele ya wote. Kuanzia Alhamisi depo itatumia programu yangu. Yangu! Nimeitengeneza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu. Boti ikifika, kompyuta inamtumia mwenye kifurushi ujumbe, naye anakuja. Basi. Kisha Papa akasema: "Kambale, hii machine ikitumika muzuri, ile biro ya nyuma njo yako."

Biro ya nyuma! Ofisi yangu mwenyewe! Ina mlango. Ina dirisha. Ukipanda juu ya kiti unaliona ziwa. Munyakazi, karani wa mapokezi, anaitamani tangu mwaka jana. Huyu ndiye mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba na kuita wateja kwa filimbi. Filimbi, zama hizi! Leo ameipuliza bila mteja hata mmoja kuwapo. Wivu tu.

Kifurushi cha kwanza kitakuwa gauni la harusi la Kahindo, binti wa Papa. Anaolewa Jumamosi. Wakwe wataalikwa kuona uzinduzi. Kwa furaha sikuweza kula chakula cha jioni. (Uongo. Nimekula, tena mara mbili.)

Jumanne, 9 Septemba

Nimesafisha majina ya wateja. Aibu! Munyakazi aliingiza umbea mtupu. Kahindo wa Munigi. Kahindo mama wa mapacha. Kahindo wa kwaya. Kahindo aliyegombana na jirani. Kompyuta itafanya nini na habari za jirani? Nimefuta umbea wote. Likabaki Kahindo, Kahindo, Kahindo, hadi macho yakauma. Nikaelewa: Munyakazi ni mvivu, anamwandika mtu mmoja upya kila anapokuja! Nikabonyeza "unganisha marudio". Kahindo wote wakawa Kahindo mmoja, mwenye namba nyingi za simu. Bila shaka ni mfanyabiashara. Hongera zake.

Masika naye akawa mmoja. Kambale naye akawa mmoja. Hapo nilisita kidogo, maana kwetu Wanande kila mvulana wa pili kwa mama yake ni Kambale, na msichana anayezaliwa baada ya wavulana ni Kahindo. Lakini hiyo ni mila. Hii ni teknolojia. Nikabonyeza.

Jumatano, 10 Septemba

Jaribio. Nimejitumia ujumbe: "Kambale, kifurushi chako kimefika." Simu yangu ikalia papo hapo! Ikalia pia ya fundi wa pikipiki ng'ambo ya barabara. Na ya mzee aliyekuwa akisukuma viazi juu ya chukudu, ile skuta kubwa ya mbao. Akaisimamisha katikati ya njia ili asome, malori yakapiga honi hadi Papa akatoka nje. Nikamwambia mtandao una nguvu ajabu leo.

Hadi saa sita akina Kambale walikuwa wamejaa depo wakiuliza vifurushi vyao. Niliwapa mikono wote, nikawashukuru kwa kuja kuona programu. Mmoja amekuja kutoka Kibati na hakutaka mkono wangu. Sijali. Jina langu linaenea!

Nimemlipa mchoraji aniandikie kibao cha mlango: CHEFU, yaani mkubwa wa kazi. Herufi nyekundu. Nimelala nacho.

Alhamisi, 11 Septemba

Uzinduzi! Utepe, maputo, soda. Wakwe mstari wa mbele, wakiongozwa na baba wa bwana harusi, Muzee Hitimana, mtu mpole mwenye kofia. Papa akahutubia juu ya maendeleo. Nikabonyeza: "Kahindo, gauni lako la harusi limefika. Njoo upesi." Makofi! Nikainama kama waziri.

Kahindo wa kwanza alifika kabla sijainuka. Sikumfahamu. Nyuma yake wawili. Nyuma yao pikipiki, na kila pikipiki ina Kahindo. Kahindo bibi kizee wa Kanyaruchinya, mjane, akipiga vigelegele na kusema alijua Mungu hajamsahau. Kahindo mama wa mapacha, pamoja na mumewe, aliyetaka kumwona mwanaume anayemtumia mke wake magauni. "Ule mutu wa machine iko wapi?" Nikajificha nyuma ya maputo. Yakapasuka.

Na Kahindo wa kwaya! Amechumbiwa na Donat miaka sita bila tarehe. Aliposoma ujumbe akaamini Donat hatimaye amekata shauri. Alimleta akimshika ukosi, akilia kwa furaha, na Donat, mbele ya akina Kahindo sitini waliokuwa wakimpongeza, hakuthubutu kukana. Kahindo huyo ndiye aliyelinyakua gauni, akalivaa palepale, akaenda kupigwa picha juu ya chukudu.

Binti wa Papa alitoka saluni nywele nusu zimesukwa, akalikuta gauni lake barabarani. Tumelirudisha. Upindo ni mweusi kwa vumbi la mawe ya volkano. Muzee Hitimana akavua kofia, akauliza kwa upole ile mahari walimtolea Kahindo yupi.

Munyakazi akapuliza filimbi. Wote wakanyamaza. Bahati tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Kikao cha tathmini. Papa akataka kujua kilichoharibika. Mimi nilikuja na mchoro wa rangi tatu. Ujumbe uliotumwa: mmoja. Wateja waliofika: sitini. Mafanikio asilimia elfu sita! Ni depo gani Goma imewahi kufika hapo? Nikaeleza kwamba kosa ni la wateja: hawana nidhamu, kila Kahindo anadhani ni yeye. Munyakazi akavua miwani ili anitazame vizuri. Papa akaukunja mchoro wangu mara nne. Mwisho akasema nikaoshe gauni.

Nimeosha. Mikono inaniuma na moyo pia. Ile biro inaniponyoka, naiona! Jioni nikaamua kumwomba msamaha binti wa Papa mwenyewe, kwa heshima, kwa njia ya kisasa. Nikafungua programu: "Kahindo, nisamehe. Gauni ni safi. Kesho tutaijaza sala ya harusi, ukumbi mzima, kwa ajili yako. Njoo na furaha yako yote."

Jumamosi, 13 Septemba

Walikuja na furaha yao yote.

Bibi wa Kanyaruchinya ndiye aliyefungua dansi. Kahindo wa kwaya aliimba, Donat pembeni katika suti mpya, tarehe imeshapangwa. Bibi harusi alicheka hadi akashikilia meza. Muzee Hitimana alikiri kwamba hajawahi kuona ukoo mkubwa hivi upande wa mwanamke, na kwamba sasa anaona mahari ilikuwa ndogo. Papa akavimba kwa fahari. Halafu akageuka kwenye sufuria za wali. Tupu zote, na wakwe hawajapakuliwa. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa chini ya meza, nikisali.

Jumatatu, 15 Septemba

Uamuzi. Biro ya nyuma ni ya Munyakazi, yeye na filimbi yake. Umbea wote umerudishwa. Mimi nitasimama mlangoni na kuita kwa sauti: Kahindo wa Munigi! Kahindo aliyegombana na jirani! Nililia kidogo. Kisha nikatazama vizuri: huu nao ni mlango. Nimepigilia kibao changu.

Tena nimeugundua ugonjwa! Programu ilikosa kitu cha kumtofautisha kila mtu. Na kila mtu anacho tangu kuzaliwa: amezaliwa wa ngapi kwao! Ajabu kwamba hakuna aliyewahi kufikiria. Mchana kutwa nimeuliza wateja na kuingiza. Kahindo: msichana aliyefuata wavulana. Masika: msichana wa kwanza. Wazi kabisa. Yamejitokeza marudio kadhaa, nimeyaunganisha.

Nimejiandika na mimi: Kambale, mvulana wa pili. Nimejitumia ujumbe wa majaribio sasa hivi. Simu yangu inalia! Ya fundi wa pikipiki nayo inalia. Mtandao una nguvu ajabu leo.