Nilitaka Uwe Mkanda wa Jeshi

Jumatatu, 8 Septemba

Siku mbaya. Kosa ni la kiti.

Mwamvita alikuja Visiga kutoka Kibuta kuchukua vifaranga. Nikamkaribisha, nami nikakaa mbele yake kwa upande mmoja, kama kuku aliyeumia nyonga. Akauliza nina nini. Nikasema mkanda wa jeshi. Nikalisema kwa heshima, kama mtu aliyetoka vitani. Ndilo jina tulilolitumia na marehemu mke wangu Raudha tangu vilengelenge vilipotoka mara ya kwanza. Alikuwa ananipulizia pale mahali kama anapoza uji wa mtoto.

Mwamvita akataka kujua ni mara ya ngapi. Nikasema ya nne. Labda ya tano. Akasema bibi yake aliugua mkanda mara moja tu na akausimulia mpaka anaingia kaburini. Wangu mbona unarudi kama mgeni wa sikukuu?

Kisha akasema neno lililoniharibia chakula cha mchana. Marehemu mume wake alimficha ugonjwa wake, akaja kuujua kwa kumtazama nesi usoni. Hafichwi tena. Jumapili ya wiki ijayo natakiwa kwenda Kibuta kuposa kwa kaka yake, Mzee Mwinshehe. Kabla ya hapo nimletee ukweli wa ugonjwa wangu, na uwe na jina. Bila hivyo nikifika Kibuta niseme nimekuja kununua muhogo.

Zahoro, fundi cherehani wa jirani, alisikia yote. Nilijua, kwa sababu cherehani ilinyamaza. Naye anamtaka Mwamvita. Juzi alimpunguzia gauni bila kuombwa. Mnafiki!

Jumanne, 9 Septemba

Hospitali. Daktari ni mama mmoja anaitwa Kashindye, mpole usoni, mkali mdomoni. Akaniambia nionyeshe. Nikaonyesha. Pamekauka! Limebaki baka dogo kama kizibo cha soda, juu kidogo ya kalio la kushoto. Miaka yote vilengelenge vinatoka nisipovitaka, leo nimevipeleka kwa mtaalamu vimekimbia.

Akauliza kama niliugua tetekuwanga utotoni. Nikamweleza kwamba kuku wangu waliwahi kupata ndui. Akasema hakuuliza habari za kuku.

Alieleza vizuri, sikupenda hata neno moja. Mkanda wa jeshi ni tetekuwanga ya zamani inayoamka. Hushika upande mmoja wa mwili, unatoka mgongoni unakuja mbele kama mkanda kweli, na unaunguza. Mara nyingi humjia mtu mara moja. Unaweza kurudi, lakini kurudi mara nne palepale, padogo vile, kwa kuanza na mnyeo uleule, hapana. Huyo ni mdudu mwingine, anaitwa herpesi. Vilengelenge vyake ndivyo wengine wanavipata sehemu za siri. Damu yangu ikapimwa kwa mengine, salama. Kwa hili anataka kuvikuta vilengelenge vibichi, achukue majimaji yake. Vikitoka, niende siku hiyohiyo.

Nikauliza swali moja kwa sauti ndogo. Je, nilimpa Raudha? Au Raudha alinipa mimi? Akaacha kuandika. Akasema mdudu huyu anaweza kulala miaka bila mwenyewe kujua, na hakuna daktari wa kusema nani alimpa nani. Nisimhukumu marehemu. Nisijihukumu na mimi.

Nilishukuru. Nikatoka nje nikakasirika upya. Mkanda wa jeshi una heshima yake. Hili lingine nitalitamka vipi mbele ya Mzee Mwinshehe?

Mwanne, mdogo wake Raudha, anayekaa nyumba ya pili na kujua mambo ya nyumba zote, akaniuliza daktari kasemaje. Nikasema nimeambiwa nipumzike.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango! Daktari alisema jua kali na uchovu huweza kumwamsha mdudu. Basi namwamsha. Akitoka nitampeleka, kipimo kitasema ni mkanda, daktari ataniomba radhi.

Nimelaza jamvi kati ya mabanda mawili ya kuku, nikalala kifudifudi, nikashusha suruali kidogo, jua lipige palepale. Saa sita kamili ya mchana. Kuku wakaja kuangalia. Jogoo mwekundu akadonoa. Nikapiga kelele.

Mwanne akatokea na ungo wa mchele. Akasimama. Akaniita shemeji mara mbili, ya pili taratibu sana, kama anaita mtu wa kwenye ukingo wa kisima. Nikasema naota jua kwa ajili ya mifupa, ndivyo tufanyavyo kwetu Bukoba. Akasema mifupa ya Wahaya basi inakaa pabaya. Akaondoka anatikisika mabega.

Jioni mgongo umebabuka wote. Vilengelenge: hakuna hata kimoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Jua limeshindwa, nikajaribu hasira. Mara ile ya tatu vilitoka baada ya kugombana na watu wa bomba la maji. Nikaenda kumchokoza Zahoro. Nikamwambia vitambaa vyake vinavyodondoka vinawaziba kuku wangu koo. Nikamwambia cherehani yake inawatisha hawatagi. Nikamwambia suruali zake zote zinabana.

Nikasubiri anijibu. Akavua miwani, akasema jirani una haki, atafagia. Akaniulizia hali. Akaniwekea kiti chenye mto!

Sikuwahi kuudhika hivyo. Hata hivyo mwili umetulia kama maji ya mtungi. Inaonekana mdudu anataka hasira ya pande mbili.

Jumatatu, 15 Septemba

Mnyeo! Alfajiri, palepale, kama mtu anayenipapasa kwa jani la upupu. Nikaruka kitandani kwa furaha. Kufika saa mbili vimetoka, vitatu, vinang'aa. Sijawahi kuvipenda hivyo.

Nikajiandaa kama mtu mwenye adabu. Nikaoga. Nikavaa suruali ya Idi. Na kwa kuwa huwezi kumpelekea daktari kidonda kilivyo, nikachukua GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, nikajipaka pote. Raudha alikuwa akinipaka hivyo kila mara, kisha anaweka kipande cha kanga yake kuukuu. Nilijisikia nadhifu.

Daktari Kashindye alifunua. Akamwita mwenzake aje aone. Akasema Mzee Hashiru, nilikuomba uniletee ugonjwa, umenipakia rangi ya ukuta. Hapa haonekani mkanda, haonekani herpesi, inaonekana zambarau tu. Vilengelenge vimepasuka kwa kusuguliwa na pamba, na kipimo hawezi kukiamini tena.

Nikasema nilitaka pawe pasafi. Akasema wagonjwa wasafi ndio watakaomuua.

Alinipa vidonge vya kuanza mara nikisikia mnyeo. Akaongeza kwamba hata bila kipimo, kwa historia yangu, ana hakika kiasi cha kutosha. Nikakamata hilo neno kiasi. Kiasi si hakika yote! Mkanda bado una nafasi yake.

Suruali ya Idi imeingia zambarau nyuma. Nimetembea kutoka kituoni nikiwa nimegeuzia watu uso.

Jumatano, 17 Septemba

Mpango wa tatu ulikuwa tayari. Nitamwambia Mwamvita kwamba daktari aliangalia na hakuona kitu. Ni kweli tupu! Hakuona.

Lakini Mwanne akaja mbio kusema Zahoro anaumwa. Mkanda wa jeshi. Mtaa mzima unampelekea uji. Yaani hata mkanda amenipokonya!

Nikaenda kumwona, roho ikiwa nyeusi. Nilitaka kuona kama anadanganya. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda bila shati, hawezi kuegemea wala kulala. Kutoka uti wa mgongo, chini ya kwapa, mpaka karibu na kitovu, upande wa kulia tu, vilengelenge vimejipanga kama pindo la nguo lililoshonwa na mlevi. Vya kwanza vilitoka jana jioni. Shati likimgusa anauma meno. Jirani mmoja alikuwa amekuja na majivu ya kumpaka.

Nilisimama mlangoni na bakuli langu la uji. Mimi sijawahi kuwa na hiki kitu. Hata siku moja. Nilijua palepale, bila daktari.

Nikamwambia yule wa majivu akae nayo. Asipakwe kitu! Hata GV! Nikasema kwa ukali, watu wakanishangaa. Nikaenda nyumbani, nikafungua sanduku la Raudha, nikatoa kile kipande cha kanga laini, kimechakaa mpaka ua lake halisomeki. Nikakishika kidogo. Nikampelekea Zahoro, akakiweka chini ya shati, akapumua. Tukaenda hospitali na bajaji.

Daktari akamsifu kwa kuwahi. Dawa hufanya kazi zaidi siku za mwanzo. Akamwagiza afunike vidonda na akae mbali na wajawazito na watoto wachanga, maana majimaji yake humpa tetekuwanga asiyewahi kuugua. Kisha akanigeukia. Akasema mzee, sasa umeuona mkanda. Nikasema nimeuona.

Njiani Zahoro aliniuliza nimeyajulia wapi haya. Nikasema redioni.

Jumamosi, 20 Septemba

Kibuta. Pikipiki, nimesimama kwenye vikanyagio njia nzima kama askari wa gwaride. Dereva akasema abiria wa namna yangu anamtia aibu.

Uongo nilikuwa nao tayari, nimeufanyia mazoezi mbele ya kuku. Nitasema ni mkanda, daktari amethibitisha, mdogo tu, wa aina ya Bukoba. Najua ni uongo. Lakini kumpoteza kwa kovu la ukubwa wa kizibo!

Nilimkuta anamenya muhogo, aliponiona akaziba mdomo kwa mkono. Akaona haya. Pembeni ya mdomo pametoka vipele vya maji. Akasema ni homa tu, inamchoma mdomo kila akipata malaria, tangu akiwa msichana.

Sijui kilichonipata. Nadhani ni raha ya kujua kitu. Nikamwambia hiyo si homa. Huyo ni mdudu, anaitwa herpesi, anakaa amelala kwenye mishipa, akiona umechoka anaamka palepale pa siku zote. Asivitumbue, na asibusu watoto mpaka vikauke. Ni ndugu baba mmoja na huyu wangu wa kalioni!

Kisu kilisimama.

Mwamvita akauliza taratibu, huyu wako nani? Si mkanda?

Basi ikanibidi. Nikamweleza yote, jua, jogoo, zambarau, hata lile swali la Raudha. Nilipofika kwa Raudha nikaanza kuokota maganda ya muhogo. Akanisogezea kata ya maji. Akasema mume wangu angeniambia hata nusu ya haya ningemuuguza bila kinyongo. Akauliza akija kuwa mke wangu afanye nini. Nikasema daktari anasema vikitoka tulale mbalimbali mpaka pakauke, na hata visipotoka hatari ya kuambukiza huwa ndogo lakini haiishi, kwa hiyo twende wote akatueleze. Akasema tutaenda. Kisha akacheka, akaushika mdomo kwa maumivu, akacheka tena. Akasema kumbe tayari ni ukoo mmoja, posa ya nini?

Njoo kesho, akasema. Ila Hashiru, usinidanganye tena. Nikaapa.

Jumapili, 21 Septemba

Zahoro amenitumia suruali. Pana, laini, ya kijivu, haigusi popote. Mwanne akaninong'oneza kwamba alijishonea mwenyewe, kwa siku ya posa yake. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu kabla ya kuivaa.

Kibuta wakatupokea vizuri, mimi na Mwanne. Mzee Mwinshehe akanikaribisha kiti. Nikasema nitasimama. Akasisitiza. Wazee wakaangaliana. Akauliza kwa wasiwasi mkwe mtarajiwa ana nini.

Nikasema nimeanguka kwenye ngazi.

Sijui kwa nini! Mdomo ulitangulia. Mzee Mwinshehe akasikitika sana, akaagiza mafuta ya nazi aninyooshe nyonga mwenyewe, yeye ni fundi wa mivunjiko. Akaanza kukunja mikono ya kanzu! Nikarudi nyuma mpaka ukutani.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Kaka, hakuna ngazi. Ana malengelenge, na mimi ninayo mdomoni, na nimeshakubali.

Mwanne alicheka mpaka akatolewa nje. Mzee Mwinshehe akashusha mikono ya kanzu, akasema mleteeni huyu bwana mto.

Nimekubaliwa. Ndoa baada ya mavuno ya korosho. Mwamvita alinisindikiza, tulipofika barabarani akasema: ngazi! Nikaapa tena.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimeamka mtu mpya. Hakuna kuficha tena kwenye nyumba hii. Mwamvita anakuja mchana kuchukua vifaranga, nami nimefagia.

Kidole cha shahada kinawasha. Kuna kipele, kina maji kidogo. Daktari alisema mara nyingi: nikiona kipya popote, nisikiguse, nisikipake kitu, niende.

Nimekiangalia sana juani. Ni mbu. Nina hakika kiasi.

Nimekipaka GV, kidogo tu, pawe pasafi. Mwamvita akiuliza nitasema ni wino.