Yaro Iliyoitwa Karoti

Jumamosi, 2 Februari 1974
Nimepata! Bruda Anselm wa seminari ya Kipalapala amenigawia yaro ya bustani yake. Ua la Ulaya: majani membamba kama manyoya, maua meupe madogo yaliyobanana juu kama sahani. Ameling'oa shina, akalichana kwa mikono, kila kipande na mizizi yake. Akanionya: yaro inapenda jua kali na udongo mkavu, samadi haitaki kabisa. Nikasema ndiyo, Bruda.

Mpango: Pasaka, maua yangu juu ya altare. Anayepamba ni Flavia. Itabidi aniulize yametoka wapi. Nami nitajibu! Kwa Kiingereza nimeshamwambia kila kitu, kichwani. Kwa Kiswahili sijafika hata kwenye hujambo.

Jumatatu, 4 Februari
Nimeweka samadi. Nyingi! Bruda ni mtu wa Mungu, lakini mimi ni mjukuu wa wafugaji wa Choma. Ninyime mmea samadi? Nikamwagia na maji, asubuhi na jioni. Bibi yangu mzaa baba akapita, akanitania: mume wangu, hiyo ni mimea au umezaa?

Alhamisi, 7 Machi
Yaro imenenepa, imerefuka, imelala chini kama mlevi. Nimeifunga kwenye vijiti kwa kamba ya kufungia tumbaku ya mjomba wa Urambo. Jirani yetu Tobias, ambaye humpelekea Flavia mawaridi bila hata kutetemeka, alichungulia juu ya uzio akauliza kama nimefungua zahanati.

Jioni akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lukumani. Shikamoo. Marahaba. Siasa ni Kilimo, kijana, kila nyumba iwe na chakula. Hiki ulichopanda ni nini? Nikafungua mdomo niseme maua. Mdomo ukasema karoti.

Alifurahi! Akayapapasa majani, ambayo kweli yanafanana na ya karoti, akasema karoti zenye afya namna hii hajaziona tangu Uhuru.

Jumanne, 9 Aprili
Juma Kuu! Maua yamefunguka, meupe pe! Nusura niimbe.

Kisha nusura nizimie. Balozi ametangaza: Alhamisi anakuja na majirani wote kuvuna karoti za mfano.

Lakini akili ninayo! Nimekwenda sokoni, nimenunua karoti, nimezifukia moja moja chini ya kila shina. Nani atajua?

Alhamisi, 11 Aprili
Walikuja wote. Hata Flavia, na kikapu. Balozi alihutubia kidogo juu ya vijana na kujitegemea, akamwambia Tobias avute. Tobias akavuta. Mkononi majani, maua, na mizizi mirefu kama kamba. Karoti imebaki shimoni. Akaichokoa. Imeoshwa! Imekatwa kichwa, vile vile ilivyotoka sokoni!

Bibi akasema haya, karoti za mume wangu zinajiandaa zenyewe, bado kuingia chunguni tu. Balozi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alipoiokota alikuwa hacheki tena. Kitalu chote kifukuliwe, yapandwe matembele, leo leo! Majembe yakashuka. Yaro yangu yote! Sikulia. Nililia kidogo.

Flavia akainama, akaanza kuokota maua mavumbini, moja moja. Akaniuliza kama anaweza kuyachukua. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 14 Aprili, Pasaka
Aleluya! Yaro altareni, mbele ya mawaridi ya Tobias! Mawaridi yameinamisha shingo, yaro bado imesimama wima! Padre aliitazama mara mbili.

Baada ya Misa Flavia alinijia. Alinijia mwenyewe! Akasema ule uongo wa karoti ulikuwa wa kijinga mno. Ningesema tu ni maua ya kanisa, yeye mwenyewe angekitetea kitalu changu kwa balozi. Nikakubali. Nilikubali kwa sauti! Nikaapa moyoni kwamba sitadanganya tena maishani.

Halafu akauliza kama yapo mengine, ya Pentekoste.

Nikamwambia ninalo shamba zima.

Kesho natafuta shamba.