Tairi Lisiloogopa Miiba

Jumapili, 8 Machi

Sijala vizuri tangu jana. Binti yangu amerudi nyumbani akiisukuma baiskeli, kwa miguu, mtaa mzima ukitazama. Pancha tena. Mashindano yaliyopita pancha, haya pancha. Aliyeshinda ni binti wa Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mama mtu alihakikisha nimesikia vigelegele. Nilifunga dirisha. Nikaendelea kusikia.

Wangu tunamwita Kiberiti, kwa sababu ni mdogo na anawaka. Nimemzaa mimi, najua moto umetoka wapi. Leo hajawaka. Amekaa kitandani na kuniambia kwamba Jumamosi hii kocha anachagua msichana mmoja wa kwenda na timu kwenye mashindano ya milimani. Tyubu ikipasuka tena, anaiuza baiskeli na biashara imekwisha. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye kandambili.

Anasema dawa yake ni tairi za tubelesi. Hazina tyubu ndani. Unamimina maji meupe mazito kama uji, mwiba ukiingia yanakimbilia tundu na kuliziba, wewe huna habari, unakanyaga tu. Nimemwambia alale, mama yupo. Nilikuwa naweka akiba ya cherehani ya pili. Cherehani ingoje.

Jumatatu, 9 Machi

Dukani, peke yangu. Kiberiti yuko chuoni hadi jioni. Alikuwa ameniagiza: tairi la mbele liwe na meno makubwa ya kukamata kona, la nyuma meno mafupi liteleze. Nimelitafakari hilo njia nzima. Mimi ni mshonaji. Nani amewahi kumvika mteja mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi? Nimechukua mawili yanayofanana, manene kuliko yote, meno kama ya mamba. Muuzaji akauliza kama nina hakika yataenea. Nikamwambia, kaka, nimeshonea bwana harusi aliyenenepa wiki ya harusi, nitashindwa na baiskeli?

Jioni. La nyuma halizunguki. Linasugua fremu kama paja na paja. Kiberiti ameliangalia, akaniangalia mimi, akaingia ndani kunywa maji. Mume wangu kasema haraka haraka haina baraka. Nikamuuliza polepole yake imemfikisha wapi.

Jumanne, 10 Machi

Muuzaji amekubali kunibadilishia la nyuma. Jembamba, meno mafupi. Akasema ndivyo inavyotakiwa. Nikamjibu najua, nilikuwa nampima.

Kiberiti kabandika utepe kwenye ringi, kaweka valvu, kamimina dawa, yale maji meupe. Safi. Tukaanza kupiga pampu. Upepo unaingia huku, unatokea kule. Tumepokezana mpaka mgongo wangu ukaomba talaka. Mume wangu akapaka povu la sabuni kwenye ukingo wa tairi. Likatoa mapovu mazuri, basi.

Mama Pacha akachungulia juu ya ukuta: "Shoga, mnajaza nini hapo, godoro?" Nikamwambia tumeshamaliza siku nyingi, hapa tunafanya mazoezi ya viungo. Sasa nimeshasema tumemaliza. Lazima tumalize. 

Jumatano, 11 Machi

Tumezipeleka kwa fundi wa tairi za magari, mwenye kompresa. Hajawahi kugusa tubelesi ya baiskeli, lakini anasema hewa ni hewa. Akafungulia. Tairi likavimba, likalia paa, halafu paa tena. Kiberiti anasema huo ndio mlio mzuri, tairi limekaa kwenye ringi. Anasema pia alinikuta chini ya benchi. Sikuwa nimejificha. Nilikuwa naangalia kama kuna kinachovuja.

Baiskeli imeegemezwa kando ya cherehani yangu. Nimezibonyeza tairi tulipofika, nimezibonyeza nikipika, nimeacha pindo la watu katikati nikazibonyeze. Ngumu. Lakini yale maji, nani kayaona yakiziba? Mtoto wangu apande mlimani kwa neno la muuzaji? Hata kitambaa hukikati kabla hujajua kama kinachuja rangi. Nikachukua pini. Moja tu, tairi la mbele. Ssss. Tone jeupe. Kimya.

Nilikaribia kulia.

Alhamisi, 12 Machi

Mteja wa gauni aliuliza baiskeli ni ya nani. Sikutaka makuu, ila ameuliza mwenyewe. Pini, ssss, tone, kimya. Akashika mdomo. Aliyemfuata naye akataka kuona, na ubaguzi sina. Kisha akaja mwalimu mmoja mstaafu, mwenye sketi ya kupunguzwa na maneno ya kuongezwa, akasema pini si mwiba. Nikachukua sindano ya magunia. Tairi lilitema kidogo, likaziba. Mwalimu kanyamaza, jambo ambalo wanafunzi wake hawakuwahi kuliona.

Kufikia alasiri watu wanaingia hata vitambaa hawana. Nafuta matone, napiga pampu, wengine waingie. Kiberiti akirudi anaikuta baiskeli inang'aa, ananishukuru kwa kuifuta. Mtoto ana adabu huyu.

Ijumaa, 13 Machi

Mama Pacha mwenyewe kaja. Kisingizio, zipu. Kasimama mbele ya tairi, mikono kiunoni. "Mama Kiberiti, visindano hivyo hata puto linavumilia." Puto. Ndani ya nyumba yangu, kando ya cherehani yangu.

Nikachukua msumari.

 Tairi lilipiga mluzi kama birika na kurusha maji mpaka kwenye shati la mteja. Nikazungusha gurudumu, nikazungusha, huku naomba kimoyomoyo na usoni natabasamu. Likanyamaza. Mama Pacha akageukia mlango. Kaondoka na zipu yake mkononi. Sijawahi kuwa na siku tamu hivi tangu nijifungue.

Ila nikilitikisa tairi la mbele halisemi tena chubwi. Labda maji yamenywea kwenye mpira, kama mafuta kwenye ngozi. Nimejaza upepo. Nimebonyeza. Nimebonyeza tena. Kiberiti amelala mapema kwa ajili ya kesho, mtu asimwamshe kwa mambo madogo.

Jumamosi, 14 Machi

Alikuwa anaongoza. Naandika hilo kwanza, lijulikane. Alikuwa mbele ya binti wa Mama Pacha kwa umbali wa kumwonea huruma. Kisha mwiba mmoja. Mmoja tu. Nilikuwa nimesimama kwenye kona moja nyembamba ya njia yao, nikaliona tairi la mbele likilala chini ya mtoto wangu.

Alilifungua pale pale. Ndani pakavu, ukoko mtupu, kama sufuria ya uji iliyosahauliwa jikoni. Akaingiza tyubu aliyokuwa ameibeba mfukoni. Kafika wa mwisho kasoro mmoja, binti wa Mama Pacha wa kwanza.

Kocha akalivua tairi, akaliinua juani. Mwanga ukapita kila mahali. Akauliza nani amelipiga risasi. Mama Pacha, ambaye hakuulizwa, akajibu, akaonyesha na jinsi ninavyoshika msumari. Kocha alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema hawezi kumnyima mtoto nafasi kwa kosa la mama yake. Wiki ijayo watashindana wawili tu, Kiberiti na binti wa Mama Pacha. Atakayeshinda anakwenda na timu. Hakuna mara ya tatu.

Njia nzima Kiberiti alitembea mbele yangu. Mlangoni akauliza, "Mama, umelitoboa mara ngapi?" Nikasema moja, mbili. Akalia. Si kwa hasira, ningeiweza hasira. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti.

Nimemwapia. Pini, sindano wala msumari havitagusa tena tairi la mtoto wangu. Nikiapa nimeapa.

Ijumaa, 20 Machi

Kesho. Wiki nzima usingizi umenikimbia na chakula nakitazama tu. Kiapo nimekitimiza. Mkono uliwasha Jumanne, nikaufunga kwa utepe wa kupimia.

Mama Pacha kamnunulia bintiye tubelesi mpya, mbele na nyuma. Onyesho langu limemwingia. Kuiga tu, hana lolote. Kiberiti yeye kabakiza tyubu kwenye gurudumu la mbele, anasema tairi lile limekuwa chujio, dawa haikai, na tairi jingine hatuna kwa sasa. Anaomba tu njia iwe safi. Nilikuwa na pini mdomoni, nikaitikia kwa kichwa. Baadaye nikamwambia asihofu, hakuna tairi lililofanyiwa majaribio kama lake. Kama lilishinda msumari, mwiba ni nini?

Hapo hapo akili ikanifunguka. Mwiba ni wa kuogopwa na wengine! Sisi ni watu wa tubelesi.

Nimeshinda jioni nzima nyuma ya uzio nakata matawi ya miiba. Mfuko umejaa. Alfajiri, kabla kocha hajafika, nitaitandaza pale kwenye kona nyembamba, ukingo hadi ukingo, asipite mtu bila kuikanyaga. Sitatoboa tairi la yeyote, niliapa. Miiba ni kazi ya Mungu, mimi naisogeza tu.